Hesabu ya Mikanda

Karatasi ya kaunti ilisema arubaini na minane.
Kenchi ishirini na nne, kila moja na ncha mbili,
kila ncha na mkanda wake wa chuma
unaopanda ukashika mbao, ukashuka ukashika ukuta,
kama mama amshikavyo mtoto wakivuka barabara pale Kiembeni.

Naijua karatasi hiyo. Niliisoma
juu ya ngazi, Mtopanga, jua la saa saba kisogoni.
Mwinyikai yuko chini, kofia mkononi:
"Ngowa, kwani wajenga Ngomeni?
Tia mmoja, ruka miwili. Upepo hauhesabu."

Nikatia mmoja, nikaruka miwili.
Kumi na sita ikapigiliwa.
Thelathini na miwili ikalala guniani.

Mkaguzi Lewa akaja Alhamisi.
Hakupanda. Ngazi ina rangi mbichi, alisema, na viatu ni vipya.
Akatazama juu kama mtu atazamaye mwezi mwandamo
baada ya kuambiwa umeshaonekana.
Mhuri akaugongea juu ya boneti ya gari.

Ishirini niliiuza Kongowea.
Kumi na miwili, sijui kwa nini, mkono ulikataa.
Nikaipeleka Utange kwa mkwe wangu Mbeyu,
kwenye jiko lake la udongo na boriti,
jiko lisilo ramani, lisilo namba,
juu ya ardhi tuliyoambiwa mara nne si yetu.
Kenchi sita.
Sikuruka hata ncha moja.
"Misumari yote hiyo," akacheka, "jiko litatoroka?"

Redio ilisema ule ni mkia tu wa kimbunga,
kichwa kimebaki baharini.
Kichwa sikukiona. Mkia ulitosha.

Watu hudhani upepo husukuma paa.
La. Upepo huingia dirishani kama mgeni,
ukakosa mlango wa kutokea,
ukainua mgongo.
Na kule nje mwenzake anapita juu ya bati, anavuta.
Huyu anainua, yule anavuta,
na katikati kuna msumari mmoja wa inchi tatu
unaoulizwa swali ambalo haukufundishwa.

Mtopanga paa lilikwenda lote.
Mabati tuliyaokota uwanja wa shule
yamejikunja kama chapati za jana.
Rukia wa chumba namba saba, mshona sare,
akashonwa yeye, nyuzi kumi na moja, juu ya nyusi.

Kikaoni mtu akauliza:
hizi kanuni za ujenzi, kweli zalinda nyumba?
Lewa akasema: jengo lilipitishwa.
Mwinyikai akasema: kudura.
Wakanitazama mimi, fundi.
Nikatazama vidole vyangu.
Ningesema nini? Kwamba zalinda?
Kwamba kuna jiko moja Utange,
haramu kila upande wa sheria,
lililoamka Jumatatu likifuka moshi,
kuku wanne wamekaa kwenye kenchi, wakavu,
kwa kuwa karatasi ya nyumba nyingine
ilitiiwa pale?

Sikusema. Andika hivyo: sikusema.

Sasa niko juu tena, ukuta uleule.
Gunia jipya. Mwinyikai amekaa mbali, kimya.
Rukia ndiye aliyesogea hadi chini ya ngazi,
plasta ingali usoni.
"Fundi, hiyo mikanda hukaa wapi?"
Nikamwonyesha: hapa, na hapa, na ng'ambo ya pili.
Akavuta cherehani yake, akaikalia meza yake,
akainua kichwa.

"Mmoja," akasema.
Nikapigilia.
"Wa pili."
Nikapigilia.

Jua limefika kisogoni. Tumefika wa kumi na saba,
na sauti yake haijachoka.